Karata Polisi, Tiketi Dukani

Jumamosi moja, saa mbili usiku, simu yangu ililia. Alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu, yule anayetembeza bitenge mjini. "Mwanangu, wamemkamata dogo. Wamewakuta wanacheza karata." Nikavaa viatu nikatoka.

Huyo dogo ana miaka 19. Huwa anakuja kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Nsambya, anapanga viti bila kuombwa. Jioni ile walikuwa wanne, wamekaa nyuma ya kibanda cha makaa, wanacheza matatu, mchezo wa karata ambao Uganda anaujua mtoto na mzee. Kila mmoja alikuwa ameweka shilingi 1,000 katikati. Askari wakapita, wakaona karata, wakaona noti, basi. Wote wanne wakapandishwa gari.

Kituoni waliambiwa kosa lao ni lile ambalo kila mkimbizi wa Kampala amelisikia, "idle and disorderly", yaani mtu mvivu na mkorofi. Dhamana ya polisi ni bure kwa sheria, hilo tunalijua. Lakini tulitoka pale karibu saa saba usiku, na mama akiwa hana tena fedha ya kununulia mzigo wa Jumatatu. Sitasema zaidi, wenye masikio wamesikia.

Tukarudi kwa miguu. Njiani tulipita maduka matatu ya kubeti. Mawili yalikuwa bado wazi, taa zinawaka, skrini zinaonyesha mbwa wa kompyuta wanakimbizana, na ndani vijana wa umri uleule wameshika tiketi. Dogo akasimama, akatazama, akaniambia: "Yaya, si afadhali ningeingia humo. Humo hawakamati mtu."

Sikuwa na jibu. Nimekaa na maneno yale wiki kadhaa, na sasa nasema hadharani: dogo ana haki ya kushangaa. Sheria ya kamari, kwa namna inavyotumika mitaani kwetu, inamkamata mchezaji asiyemla mtu na kumwachia njia yule anayetula sote.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi tunaiogopa bila kuijua.

Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016. Sheria hiyo iliweka bodi ya serikali ya kutoa leseni na kukagua maduka ya kubeti, kasino na mashine za kamari. Pia ilisema kitu ambacho majirani zetu hawakusema: mtu aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari. Kenya ni miaka 18, Tanzania ni miaka 18, Uganda ni 25. Mimi mwenyewe nina miaka 24. Naweza kuoa, naweza kushtakiwa kama mtu mzima, naweza kuandikwa kichwa cha familia kwenye karatasi ya ukimbizi. Kubeti, bado sijafika.

Sina ugomvi na hiyo 25. Kusema kweli naipenda. Aliyeiandika alijua kijana wa miaka 20 asiye na kazi anafanana na nini. Ugomvi wangu uko mlangoni. Baada ya usiku ule niliingia kwenye maduka manne ya kubeti, siku tofauti, nikiwa na kitambulisho changu cha mkimbizi mfukoni. Nilitaka tu mtu aniulize umri. Hakuna aliyeniuliza. Duka moja mlinzi alinifungulia mlango na kunikaribisha, "Karibu boss." Karatasi ya miaka 25 ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya kichwa cha mtoto ambaye, nikimtazama vizuri, hakufika hata 17.

Upande wa pili kuna sheria nyingine, ya zamani zaidi: Sheria ya Adhabu, iliyoanza kutumika Juni 1950, enzi za Waingereza. Ndani yake kuna kifungu kilichojulikana miaka mingi kama kifungu cha 167. Kinasema mtu anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa watu wote, kama si bahati nasibu iliyoruhusiwa, ahesabiwe mvivu na mkorofi. Anaweza kufungwa miezi mitatu. Ukifuata mizizi ya maneno hayo unafika Uingereza, kwenye sheria ya mwaka 1824 ya kukamata wazururaji, yaani maskini waliotembea mjini bila kazi. Waingereza waliibeba ikaja huku, wao wakaondoka, ikabaki.

Kifungu ndugu yake, cha 168, kilikuwa kinakamata watu kwa kuonekana tu kama wahuni. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sehemu zake, baada ya raia mmoja, Francis Tumwesige Ateenyi, kwenda kushtaki. Kwa hiyo msiniambie sheria hizi ni za milele. Mtu mmoja alisimama, na sehemu ile ikaanguka. Ila kile cha karata hakikuguswa.

Sasa wekeni sheria hizo mbili pamoja. Yenye leseni imesema chini ya 25 asiingie, na anaingia. Ya mkoloni imesema asicheze barabarani, na anakamatwa. Kijana yuleyule, shilingi 1,000 ileile. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya dogo kwa kichwa chake saa saba usiku.

Kuna wazee watakaoniambia: kamari ni kamari, mwanangu, karata au tiketi ni shetani mmoja. Nawaheshimu. Lakini naomba tufanye hesabu, maana shetani huyu anajua hesabu kuliko sisi.

Vijana wanne wanaweka 1,000 kila mmoja. Mezani kuna 4,000. Anayeshinda anachukua 4,000 zote. Kesho mwingine anashinda. Fedha inazunguka palepale, kati ya watoto wa nyumba nne. Hakuna mtu wa tano anayekula.

Tiketi je? Kampuni ya kubeti haikupi bei ya haki kwenye mechi. Inajikatia kidogo, ndiyo biashara yake. Tuseme, kwa mfano tu, inajikatia shilingi 5 katika kila 100. Kwenye mechi moja, ukiweka 1,000, kwa wastani zinarudi 950. Unaona ni kidogo. Lakini nani kati yetu anabeti mechi moja? Vijana wanaunganisha mechi 8, kwa sababu wanataka laki moja na wana elfu moja. Sasa kile kidogo kinajikata mara nane, moja juu ya nyingine. Fanya hesabu mwenyewe: kwa wastani zinarudi 660 hivi. Karibu theluthi ya fedha yako imeondoka kabla mpira haujapigwa. Na haikwenda kwa rafiki yako wa kibanda cha makaa. Imetoka mtaani, na hairudi.

Ukiweka 1,000 kila siku, mwaka una shilingi 365,000. Wengi wetu hapa tunajua chumba kimoja cha mabati ni kiasi gani kwa mwezi. Gawanyeni wenyewe muone ni kodi ya miezi mingapi.

Tena mezani yuko mgeni mwingine. Sheria ya 2016 iliweka kodi ya asilimia 20 juu ya kile kinachobaki kwa kampuni baada ya washindi kulipwa, na mwaka 2023 michezo ya kasino ikapandishwa hadi asilimia 30. Kodi si dhambi, hospitali zinajengwa kwa kodi. Lakini anayepata fungu kwenye meza fulani huwa hana haraka ya kuifunga. Januari 2019 Waziri David Bahati alitangaza agizo la Rais: kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni, na za zamani zikiisha muda zisiongezewe, kwa sababu vijana wanapoteza fedha na akili huko badala ya kufanya kazi. Tulifurahi. Miaka imepita. Tokeni nje mtazame barabara.

Karata za kibanda cha makaa hazilipi kodi. Labda hilo ndilo kosa lake la kweli.

Naomba niwapeleke mbali kidogo, Marekani, na si kwa habari ya kuondoka. Kule kuna wenyeji asilia, watu waliokuwepo kabla ya Wazungu, waliosukumwa kwenye maeneo waliyotengewa, mengi yakiwa jangwa lisilotakiwa na mtu. Mkimbizi anayesoma hapa anaelewa maana ya kupewa ardhi ambayo wengine hawakuitaka. Jimboni California kuna jamii ndogo inayoitwa Cabazon. Kesi yao ilipofika mahakamani walikuwa watu kama 25 tu walioandikishwa. Walifungua ukumbi wa karata kwenye ardhi yao, watu wanakuja kucheza poka, na pia bingo. Wakubwa wa eneo na jimbo wakasema: hapana, sheria zetu zinakataza, tunafunga.

Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Februari 1987 Cabazon, pamoja na wenzao wa Morongo, wakashinda, majaji sita dhidi ya watatu. Swali lililobeba kesi lilikuwa rahisi, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuliuliza: huu mchezo umekatazwa, au unasimamiwa tu? California yenyewe ilikuwa na bahati nasibu ya serikali, mbio za farasi za kubetia, na kumbi za karata kwa watu wengine. Mahakama ikaona kwamba huwezi kuruhusu jambo kwa wengi, ukalifanyia hata matangazo, halafu likawa uhalifu likifanywa na wale watu 25 wa jangwani.

Mwaka uliofuata, 1988, Bunge la Marekani likatunga sheria ya kamari kwenye maeneo hayo, na humo kuna jambo linalonihusu mimi na dogo. Sheria ile inatenganisha karata za aina mbili. Kuna mchezo ambao wachezaji wanashindana wao kwa wao, kama poka ya kawaida. Na kuna mchezo ambao mnashindana na mwenye nyumba, yeye ndiye anayeshika benki. Wa kwanza umewekewa masharti mepesi: kama jimbo halikuukataza na watu wanaucheza jimboni, wenyeji wanaweza kuuendesha, ila wafuate saa na viwango vya fedha ambavyo jimbo limeweka kwa karata hizo. Wa pili ni mzito, hauendi bila mkataba kati yao na jimbo. Kwa nini? Kwa sababu mwenye benki ana nguvu kuliko mchezaji, na mwenye nguvu ndiye anayepaswa kutazamwa kwa karibu.

Najua mtakachosema. Wale ni mataifa yenye ardhi na mikataba, sisi ni wageni wenye kitambulisho cha kadibodi. Ni kweli. Siombi mkimbizi afungue kasino Nakivale, Mungu apishe mbali. Naazima swali lao tu. Hapa Uganda kamari haikukatazwa. Inasimamiwa, inatangazwa redioni, jina la kampuni liko kifuani mwa wachezaji wa mpira. Kama ni hivyo, basi sheria itazame kwanza nani anashika benki. Sheria ile ya Marekani ilimwekea mzigo mwenye benki. Mtaani kwetu mwenye benki ana mlinzi wa kumfungulia mteja mlango, na waliokaa wao kwa wao nyuma ya makaa wanapanda gari la polisi.

Sisemi karata ni malaika. Niliwahi kumwona kijana akiweka shati lake mezani, akarudi nyumbani kifua wazi. Nimeamua ugomvi wa visu kwa sababu ya shilingi 2,000. Mchezo wa fedha kati ya marafiki unaweza kuua urafiki. Lakini hapo pana mtu wa kuingilia: mimi, baba wa jirani, mama wa makaa anayepiga kelele "Ondokeni hapa!" Kwenye simu nani anapiga kelele? Kijana amejifunika blanketi, saa nane usiku, anabetia mechi ya nchi ambayo hajui iko wapi. Laini imeandikishwa kwa jina la mjomba mwenye miaka 40, basi ile 25 imekufa palepale. Hakuna jirani atakayeona chochote mpaka siku mwenye nyumba anapogonga mlango kudai kodi.

Na tuseme ukweli wetu pia, sisi wakimbizi. Tumefundishwa kungoja bahati. Kwetu watu hawaulizani "unafanya kazi gani?" Wanaulizana "kesi yako imefika wapi?" Mtu anangoja miaka kumi simu ya mahojiano, jirani yake anapigiwa kwa miaka mitatu, na hakuna anayeelewa kwa nini. Ukikulia hivyo, tiketi ya kubeti haikushangazi. Inafanana na maisha yako, ila jibu linakuja jioni hiyohiyo. Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, wako waliokuwa wameshauza vitanda na masufuria. Baadhi ya vijana wao nawakuta sasa kwenye zile skrini. Mnataka niwahubirie kwamba kutegemea bahati ni ujinga? Sisi wote ndio tuliowafundisha.

Sasa naongea na ninyi, kaka na dada wa mashirika, maana najua mnasoma jarida hili. Mmekuwa na warsha juu ya kubeti. Nimehudhuria, nimebeba viti, nimekunywa soda, nimevaa fulana. Kijana anaambiwa kamari ni mbaya, anasaini karatasi ya mahudhurio, anapewa nauli, na nauli ile najua ilikokwenda jioni. Msikasirike. Naomba vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji hoteli.

Kwanza, mwanasheria wenu apatikane Jumamosi usiku. Vijana wetu hawakamatwi saa za ofisi. Hata namba moja ya simu inayojibiwa, na mtu wa kusema kwa sauti kwamba dhamana ni bure, ingeokoa mtaji wa mama mmoja kila wiki.

Pili, mnapokaa na wakubwa wa serikali mezani, iulizeni ile bodi kuhusu mlango. Bodi imewahi kukamata mashine zisizo na leseni na kuziharibu, vizuri sana. Sasa ishughulike na wenye leseni. Kila duka liulize umri, na kitambulisho cha mkimbizi kitambuliwe hapo mlangoni kama cha raia. Asiyeonyesha asiingie. Mimi nitakuwa wa kwanza kurudishwa, na nitashukuru.

Tatu, hiki kifungu cha karata kipelekwe pale kilipopelekwa ndugu yake. Mkimbizi peke yake hawezi kwenda Mahakama ya Katiba, anaogopa hata kupita karibu na kituo cha polisi. Ninyi mna mawakili.

Nne, tupeni ukumbi unaofungwa saa tatu usiku, si saa kumi na moja jioni. Tupeni taa, meza na karata. Vijana wacheze matatu mpaka wachoke, bila fedha mezani, mshindi aandikwe ubaoni. Mkisema huo si mradi, njooni mhesabu wangapi watakuja.

Na kwenu wazazi wangu, mama na baba zetu: mkiona watoto wamekaa na karata, msikimbilie kuita polisi, wala msiseme wamelaaniwa. Kaeni nao. Ulizeni kuna nini katikati ya meza. Kama ni fedha, iondoeni ninyi wenyewe, kwa mkono wa mzazi. Halafu ulizeni swali gumu zaidi, kuhusu simu.

Dogo hajacheza tena karata tangu usiku ule. Askari wamefanikiwa. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya kanisa, anatazama simu, vidole vinatembea. Nikamuuliza ni nini. Akanionyesha bila kuficha, maana haoni kosa: mechi 11, shilingi 2,000, jina la mjomba.

"Hii haina kelele, yaya," akaniambia.